Roketi ya Wagalu

Mabomba saba ya chuma, kila moja likiwa na urefu wa mita sita, yalikuwa yamelazwa katika uvungu wa ghala la mtama nyumbani kwa Zipora, na kila alfajiri, kabla hajabeba ndoo kwenda lamboni, Zipora aliinama akayatazama kwanza. Hakuwa na hofu kwamba yangekimbia. Alipenda tu kuyaona yamelala pale, yamenyooka, yakisubiri zamu yao.

Alikuwa na haki ya kuyapenda. Kikundi cha ngoma cha Wagalu wa Mwabasesa, ambacho yeye alikuwa mweka hazina wake, kilikuwa kimelima mashamba kumi na moja ya watu katika msimu uliopita kwa mtindo wao wa siku zote: mstari mmoja wa majembe, ngoma nyuma yake, na wimbo unaoamua jembe lipande lini na lishuke lini. Malipo yote yalikwenda kwenye mabomba hayo. Shimo la kisima lilikwisha kuchimbwa nyuma ya shule, na fundi wa pampu kutoka Nyasubi, mjini Kahama, alikwisha kuahidi kufika wiki ya kwanza ya Agosti. Baada ya hapo wanawake wa Mwabasesa wasingetembea tena saa nzima kulifuata lambo ambalo ng'ombe waliingia kwanza na watu baadaye.

Tatizo lilikuwa Julai. Julai ilikuja kabla ya Agosti, nayo ilikuja na mashindano ya ngoma.

Mume wake, Jilala, alikuwa manju wa Wagalu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao, na kwa miaka miwili mfululizo alikuwa ameshindwa na Ndaki, manju wa Wagika wa kijiji cha jirani. Mwaka wa kwanza Ndaki alileta fisi aliyevalishwa shanga. Mwaka wa pili alileta chatu, akamzungusha shingoni mithili ya skafu ya bwana harusi. Sheria ya mashindano yenyewe ilikuwa nyepesi. Pande mbili zilicheza kwa wakati mmoja katika uwanja wa mnada, kamba ikiwa imevutwa katikati, na ilipotimu saa kumi kamili mwenyekiti wa kijiji alipuliza filimbi. Upande uliokuwa na watazamaji wengi wakati huo ndio ulioshinda. Hakuna aliyeuliza nani ameimba vizuri. Kilichoulizwa ni watu wamesimama wapi. Na kwa desturi ya Wagalu, manju aliyeshindwa mara tatu mfululizo alikabidhi uongozi kwa mwingine, kisha akaenda kutikisa njuga mstari wa nyuma.

Jilala hakujiona kabisa akitikisa njuga mstari wa nyuma.

Basi alasiri moja, Zipora akiwa uani anakatakata viazi vitamu vya kuanika michembe, Jilala aliingia akiongozana na mdogo wake, Fredy. Huyu alikuwa mwendesha winchi huko Geita, kwenye duara, yaani mgodi wa wachimbaji wadogo: alishusha watu shimoni asubuhi na kuwapandisha jioni, pamoja na mifuko ya mawe. Mkononi alikuwa na simu yake kubwa, na usoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyetumwa kusema jambo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Za Geita?"

"Za Geita njema. Lakini leo tumekuja na za mwezini."

"Huko nako hawajambo?" aliuliza Zipora, kisu kikiendelea na kazi yake.

Fredy alichutama, akamwonyesha. Kwenye kioo cha simu chombo kirefu cheupe kiliondoka ardhini kwa moto na moshi, na umati wa watu ulikuwa umesimama mbali, vichwa vimeinuliwa, midomo wazi. Mataifa makubwa, alieleza Fredy, yalikuwa yanashindana kurudisha watu mwezini. Wamarekani walitaka wawahi kabla ya Wachina, na Wachina walitaka wawahi kabla ya Wamarekani.

"Kuna nini huko?"

"Mawe," alikiri Fredy. "Na vumbi. Wanasema upande wa kusini kuna barafu pia."

"Mawe! Shemeji, wewe si unatoa mawe kila siku ya Mungu? Tena ya kwenu mkiyasaga kwenye karasha yanatoa dhahabu. Hayo ya mwezini yanatoa nini?"

"Yanatoa jina," alijibu Jilala kwa niaba ya mataifa yote makubwa.

"Na anayelipia ni nani? Huyo anayepanda?"

"Raia wote," alisema Fredy.

"Waliulizwa?"

"Wanapiga kura, shemeji."

"Waliupigia kura mwezi?"

Fredy alikuna kidevu. "Walimpigia kura mtu. Halafu mtu ndiye akauchagua mwezi."

Zipora alicheka hadi akaweka kisu chini. Jilala hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa karibu, akatumia ile sauti laini ambayo mke wake aliijua tangu siku za uchumba na ambayo haikuwahi kumletea faida yoyote.

"Mama Nelly. Usicheke kwanza. Watu hawa unaowacheka ndio wanaotuambia mvua itanyesha lini."

"Ni kweli, shemeji," Fredy alidakia. "Utabiri unaousikia redioni unatoka kwenye satelaiti. Hata simu hii ramani yake inatoka huko juu."

"Satelaiti ina mtu ndani?"

"Haina."

"Haina mtu, haili, haiugui, haina mke anayeingoja nyumbani, na kazi inafanya. Sasa mtu wanampeleka kwenda kufanya nini?"

Hapo Fredy alifuta kioo cha simu kwa kiganja. Lakini Jilala alisimama, mikono hewani, kama mtu aliyesubiri swali hilo hilo tangu asubuhi.

"Ndiyo maana nakupenda, mke wangu! Umelisema mwenyewe. Ni lini umesikia watu wamejaa uwanjani kuitazama satelaiti? Chombo kitupu hakina watazamaji. Mweke mtu ndani, dunia nzima inasimama. Ndaki aliweka fisi, akaweka chatu. Mimi nitaweka mtu. Nitajenga roketi, niipandishe kwa winchi ya Fredy, nami niwe ndani yake, naimba!"

Zipora alitazama uvungu wa ghala. Kisha alimtazama mumewe. Kwa bahati mbaya Jilala naye alikuwa anatazama uvungu wa ghala.

"Winchi itafungwa juu ya nini?" aliuliza Zipora polepole.

Fredy aliitia simu mfukoni.

"Jilala ng'wana Shija, nimeuliza. Winchi itafungwa juu ya nini?"

"Ni kuazima tu," alisema Jilala. "Siku moja. Jumapili yanarudi uvunguni."

Sababu ya pili ya Jilala, ambayo aliitoa usiku wanapolala ili Fredy asiisikie, ilikuwa nzito zaidi machoni pake. Mwaka uliopita sauti yake ilikuwa imekauka katikati ya wimbo. Zipora aliamini kwamba ilikauka kwa sababu alikuwa ameimba siku nne mfululizo na kunywa soda ya baridi. Jilala aliamini kwamba Ndaki alikuwa amezika dawa katika uwanja wa mnada, ili kila manju atakayeikanyaga apoteze sauti na watazamaji wake.

"Ardhi yote ya pale imekwisha kuzikwa vitu," alinong'ona. "Akizika huyu, anazika yule. Lakini hewani, Mama Nelly, hewani hakuna aliyewahi kuzika kitu. Atakayefika kwanza ndiye mwenye mahali."

Zipora, ambaye aliimba kwaya kanisani na hakuwa na imani na vitu vilivyozikwa, aligeukia ukutani.

Alitarajia kwamba wanachama wangemsaidia. Kikundi kilikutana Jumapili baada ya ibada, wanachama arobaini, na Zipora aliyaeleza yote kwa utaratibu: mabomba yalinunuliwa kwa kazi gani, fundi anakuja lini, na bomba likipinda pampu haiingii. Alisikilizwa kwa heshima kubwa. Kisha Jilala alionyesha ile picha ya simu, simu ikazunguka kutoka mkono hadi mkono, na kura ilipopigwa, thelathini na mmoja walitaka roketi. Kilichomshangaza ni kwamba wengi wa wanawake waliobeba ndoo pamoja naye walikuwa miongoni mwa hao thelathini na mmoja.

"Hata wewe, Paskalia?" alimwuliza jirani yake, mama wa makamo ambaye mgongo ulimuuma kila siku kwa ajili ya maji.

"Mgongo utaniuma hata bila roketi," alijibu Paskalia. "Mimi sijawahi kuona kitu kama hicho. Sitaki kufa sijakiona."

Zipora alikubali kushindwa, ila alisimama tena akaweka masharti yake, na aliyaweka kwa sauti ambayo hata Jilala hakuipinga. Bomba lisikatwe. Lisitobolewe. Lisichomelewe na mtu yeyote, hata akiwa fundi. Yafungwe kwa soketi zake na kwa minyororo tu, na likipata hitilafu hata moja, walioinua mikono watafanya kazi ya kulilipa.

Wiki nzima uwanja ulivuma kwa nyundo. Fredy aliunganisha mabomba sita mawili mawili, akasimamisha miguu mitatu mirefu iliyokutana juu kuliko paa la kanisa, na pale ilipokutana akafunga kapi na kupitisha waya wa winchi. Bomba la saba lilibaki uvunguni, nalo Zipora alilitazama kila alfajiri kwa huruma. Roketi yenyewe ilikuwa pipa la mafuta lililopakwa chokaa, limekatwa dirisha la duara na kuvikwa kichwa cha bati kilichochongoka. Ubavuni Jilala aliandika kwa rangi nyekundu jina la kijiji.

Siku ya Ijumaa walifanya jaribio. Jilala aliingia ndani ya pipa huku akiimba, Fredy akavuta winchi, na pipa lilipopanda kimo cha mbuzi miguu yote mitatu ililia kwa pamoja. Fredy alimshusha mara moja.

"Kaka, hapana. Kule Geita mtu wa uzito wako tunamshusha kwa ngazi. Tunahitaji mtu mwepesi."

"Tupandishe mbuzi," mmoja alipendekeza. "Hata wao walianza na wanyama."

"Nani atakuja kumtazama mbuzi?" Jilala alifoka. "Mbuzi wako kila mahali!"

Wakaanza kutazamana. Adam, mpiga ngoma mkuu, alikuwa mwembamba lakini aliogopa hata kupanda mti wa mapera. Mwingine alikuwa na kizunguzungu, na mwingine mkewe alikuwa mjamzito. Zipora aliyasikiliza majibu yote hayo akiwa ameshika mguu mmoja wa mnara kwa kiganja, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Alikuwa na kilo hamsini na moja. Walimpima kliniki mwezi uliotangulia.

"Nitapanda mimi," alisema.

Wote walimgeukia.

"Kama mabomba yangu yanakwenda juu, na mimi nakwenda nayo. Nikisikia yanalia nitasema mara moja tushuke. Nyinyi mkiwa chini mtaimba tu, hamtasikia kitu."

Jilala alimvuta pembeni. Alikuwa amepoteza safari yake, na kwanza alilitazama pipa lake. "Hata hivyo ni vizuri," alisema mwishoni. "Wewe dawa ya Ndaki haikupati. Huiamini."

"Kama kutoiamini kunatosha, Baba Nelly, basi wewe ungeacha tu kuiamini, na mabomba yangebaki uvunguni."

Jilala hakuliona hilo mapema. Aliliona sasa, lakini roketi ilikwisha kupakwa rangi.

Jumamosi watu walianza kufika tangu asubuhi, kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa mikokoteni ya ng'ombe, wengine kutoka mbali kama Chato kwa sababu habari zilikuwa zimesambaa kwenye simu. Kamba ilivutwa katikati ya uwanja wa mnada. Upande mmoja Wagika walikuwa na Ndaki, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele, na safari hii alikuwa na fisi wawili. Upande wa pili kulikuwa na mnara, pipa jeupe, na Wagalu waliovaa kaniki wakirusha majembe hewani na kuyadaka.

Saa tisa na nusu Jilala aliinua mkono. Vijana walichoma pumba za mpunga zilizoloweshwa chini ya pipa, moshi mzito ukafumka, ngoma zikapigwa zote kwa mpigo mmoja, na Zipora akaondoka ardhini akikohoa.

Alipomaliza kukohoa, alikuwa juu ya moshi.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kusikiliza. Mabomba yalikuwa kimya. La pili lilikuwa kutazama chini, na hapo aliona kitu ambacho Jilala alikitafuta kwa miaka miwili: umati wote wa Ndaki ulikuwa unavuka kamba kwa mbio, mama wamebeba watoto, wazee wameshika kofia zao, wote nyuso juu. Mkononi mwa kila mmoja simu ilikuwa imeinuliwa. Ndaki alibaki na fisi wake wawili na mwenye fisi.

Lakini dakika tano zilipita, na Zipora aliendelea kuning'inia. Dakika nyingine tano zilipita. Jilala aliimba kwa nguvu zote, ila umati ulikuwa umesogea hadi miguuni mwa mnara na kuwaziba wachezaji, hivyo hakuna aliyewaona. Watu walikwisha kupiga picha zao. Walianza kuulizana.

"Anafanya nini huko?"

"Yuko tu."

"Atashuka lini?"

"Sijui. Nimekwisha kumwona."

Upande wa pili, Ndaki alikuwa ametunga wimbo papo hapo, na upepo uliuleta mzima mzima:

Mama wa Mwabasesa ameota mabawa,
ameyapanda mabomba ya maji,
ndoo yake chini inalia kiu,
mwulizeni mwezini kama kuna lambo!

Kicheko kilipasuka. Mmoja mmoja, kisha kumi kumi, watazamaji walianza kurudi ng'ambo ya kamba. Zipora aliwaona wakiondoka. Wimbo ulimchoma, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe angeutunga hivyo hivyo kama angekuwa na kipaji. Aliinua macho asiendelee kuwaona, na ndipo kwa mara ya kwanza akatazama mbali.

Nchi ilikuwa imetandazwa hadi kwenye majabali ya upeo. Aliona lambo. Aliona njia ya maji, ile aliyoipita kwa miaka kumi na tisa kipande kwa kipande, akiijua kila jiwe lake, na ambayo hakuwahi kuiona nzima. Ilikuwa nyembamba, nyeupe, imepinda kama mkia wa paka, na ilikuwa nzuri. Hilo lilimkasirisha kidogo. Hakutegemea kwamba njia ile ingekuwa nzuri kutoka mahali popote.

"Mama Nelly!" ilikuwa sauti ya Paskalia, aliyekuwa bado amesimama chini ya mnara peke yake, shingo imepinda. "Usikae kimya kama mfuko! Unaona nini huko?"

Zipora alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. Alitazama, akajibu kwa sauti ya mwanakwaya.

"Naona ng'ombe wa Eustace! Wameingia kwenye mtama wa mwalimu mkuu!"

Upande wa Wagika, Eustace alishtuka, akashika kichwa na kuondoka mbio. Watu walicheka, kisha wakageuka. Mtu mmoja alivuka kamba kurudi.

"Na kwangu? Mlango uko wazi au umefungwa?"

"Umefungwa! Lakini jikoni kunafuka moshi!"

"Nimeacha nyumba tupu!" alipiga kelele yule, akatimua mbio huku wenzake wakimshangilia.

"Pikipiki ya mume wangu, ile nyekundu?" aliuliza mama mmoja. "Kaniambia amekwenda Kahama!"

"Iko nje ya kilabu cha pombe!"

Kelele zilizoinuka hapo zilizima ngoma za pande zote mbili. Sasa walikuja kama maji yaliyofunguliwa, wakivuka kamba makundi kwa makundi, kila mmoja na swali lake. Nani anachunga upande ule? Lori la pamba limefika njia panda? Zipora aligeuka ndani ya pipa lake huku na huku, akatazama, akajibu, asiongeze wala asipunguze. Alipokuwa hajui alisema hajui, na kwa sababu hiyo waliyaamini yale aliyosema. Chini kabisa aliona Jilala ameacha kuimba. Hata yeye alikuwa anasikiliza.

Ndipo mabomba yalipolia.

Haikuwa sauti kubwa. Fredy, aliyekuwa amelala kifudifudi akitazama mguu wa upande wa magharibi, aliinua uso uliobadilika rangi. "Shemeji! Mguu mmoja unaanza kupinda! Nakushusha!"

Zipora alitazama saa ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Edson, au tuseme alimtazama Mzee Edson mwenyewe, ambaye alikuwa ameshika filimbi mkononi lakini hajaipeleka mdomoni. Zilibaki dakika tano, labda saba. Alijua alichoahidi Ijumaa mbele ya wenzake. Alijua pia kwamba chini yake walikuwa wamesimama watu mia kadhaa ambao walimtazama kama walivyotazama wale wa kwenye simu, na kwamba bibi mmoja ndiyo kwanza alikuwa ameulizia mji wa mwanawe, ule ulio karibu na majabali.

"Subiri kidogo!" alijibu.

"Shemeji, linapinda!"

"Nimesikia! Kidogo tu! Bibi, mji wa mwanao nauona. Kuna watu wawili uani, wanapura mtama!"

Hapo umati uligawanyika, na mtu mrefu akapenya hadi mbele, jasho linamtiririka. Ilikuwa Ndaki. Alikuwa amejizuia kwa muda mrefu kuliko wengi, lakini alikuwa na mbuzi kumi na wawili wa mahari aliowafunga nyuma ya nyumba yake tangu asubuhi, na hakuwa amewaacha na mtu.

"Mama Nelly!" aliita, kiganja juu ya macho. "Samahani kwa ule wimbo! Mbuzi wangu, bado wapo?"

Zipora alihesabu kwa kidole. "Kumi na mmoja, shemeji! Hapana, kumi na wawili. Mmoja amelala!"

Ndaki aliachia pumzi ndefu ya furaha, na pumzi hiyo ilikuwa haijaisha wakati filimbi ilipolia. Alikuwa amesimama upande wa Wagalu, hatua thelathini ndani ya kamba. Upande wake walibaki fisi wawili na mwenye fisi, na hata mwenye fisi alikuwa ananyoosha shingo.

Ng'ombe wa zawadi alichinjwa jioni ile ile na kuliwa na pande zote mbili, kama ilivyo desturi, hivyo mshindi aliondoka na jina tu. Jilala alilala akiwa bado manju. Mabomba mawili yalilala yamepinda kama vidole vya mtu anayeita.

Jumapili alfajiri Zipora alibeba ndoo kwenda lamboni na wenzake. Hakungoja waulize. Walipokuwa wamejipanga ukingoni wakisubiri ng'ombe watoke majini, aliwaambia yote: kwamba Fredy alimwonya, kwamba alisikia kwa masikio yake, na kwamba angeshuka pale pale yote yangepona.

"Sasa kwa nini hukushuka?" aliuliza Paskalia.

"Nilikuwa nafurahi."

Paskalia alichota maji, akayatazama, akayamwaga kwa kuwa yalikuwa na kinyesi, akachota tena. "Angalau umesema kweli," alisema. "Jilala angesema ni kwa heshima ya kijiji."

Safari ya fundi wa Nyasubi iliahirishwa hadi mwisho wa Agosti. Fredy alipeleka mabomba yale mawili Geita kwa mtu wake wa kuyanyoosha, akarudi nayo yakiwa yamenyooka kwa macho lakini si kwa pampu. Kama ilivyokubaliwa, walioinua mikono walikwenda kuchuma pamba za watu, mashamba mawili, na Zipora, ambaye hakuinua mkono, alichukua mstari wa kwanza. Alikuwa amefanya hesabu yake na kuona kwamba dakika zile saba zilikuwa zake, si za kikundi.

Siku ya tatu ya uchumaji Ndaki alifika shambani kwa baiskeli. Aliamkia, akaulizia hali za nyumbani kwa kila mmoja, akazunguka sana, na mwishowe akatua. Wagika walikuwa na mashindano mengine mwezi ujao dhidi ya watu wa mbali. Alitaka kuazima roketi.

"Si kwa ajili yangu," alieleza, mkono kifuani. "Ni kwa faida ya watu wote wa kata."

"Roketi mtapewa, ni pipa tu," alisema Zipora. "Mabomba je? Sisi hatuna tena ya kupinda."

"Tunayo. Mapya kabisa." Ndaki alishusha sauti. "Ni ya zahanati. Yamelala tu pale."

Zipora aliendelea kuchuma. Pamba iliingia kapuni bila sauti. "Yangu nayo yalikuwa yamelala tu. Shemeji, kawaulize kwanza wale watakaokwenda kujifungua katika zahanati hiyo. Si kwa mkutano wa kuonyeshana picha za simu. Waulize ukiwa umewabebea ndoo moja. Wakikubali, nitakuja mwenyewe kukuambia ni wakati gani wa kushuka, kwa sababu wewe hutautambua. Mimi sikuutambua."

"Na wakikataa?"

"Basi wamekataa."

Ndaki alisimama akizungusha kengele ya baiskeli yake kwa kidole bila kuipiga. Alionekana kama mtu aliyekwisha kulijua jibu la akina mama hao. Lakini hakuondoka.

"Kule juu," alisema baadaye, na safari hii sauti yake haikuwa ya manju, "kulikuwaje hasa?"

Zipora aligeuka kuona Jilala yuko wapi. Alikuwa mbali, mwisho wa mstari wake, akiimba. Tangu Jumamosi ile watu walimwuliza Zipora habari za mabomba, za fundi, za nani amlipe nani. Swali hili hakuna aliyemwuliza.

Akaweka kapu chini.

"Kwanza," alisema, "ni moshi. Unakohoa sana. Halafu unaisha wote kwa pamoja."